Lenzi Ndefu Iliyobaki Garissa

Mtu akiniuliza leo abebe lenzi gani kwa safari ya siku tatu ya mjini, namjibu kwa ukali kuliko swali linavyostahili: beba zote, na usimwulize mtu. Wengine huniona nina kiburi. Na wanione. Mimi niliuliza, tena niliuliza nyumbani kwetu, nikashauriwa na watu niliowaamini kuliko macho yangu mwenyewe. Nimesamehe? Niulize kesho.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Garissa. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili mwenye ulimi usio na mfupa, na nilifanya kazi katika studio ya picha ya abti wangu, yaani mjomba, ndugu wa mama. Kwetu mjomba huitwa abti, naye humwita mpwa wake abti vilevile, kwa hiyo mle studio kutwa ilikuwa abti huku, abti kule, na mteja mgeni hajui nani anamwita nani. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati karibu na soko. Kulikuwa na kiti cha kuzunguka, pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyaona, na kichana kilichofungwa kwa kamba ili wateja wasiondoke nacho.

Kazi yetu kubwa ilikuwa picha za vitambulisho. Ya pili ilikuwa harusi, na hapo ndipo mimi nilipopata cheo. Upande wa wanawake haingii mwanamume, awe na kamera au awe kipofu. Kabla yangu, mtu akifungua albamu ya harusi ya Garissa aliona wanaume wanakula nyama kurasa kumi na tano, kisha bi harusi mmoja aliyefunikwa gubigubi. Abti ndiye aliyenifunza kila kitu: kupakia filamu gizani kwa vidole, kuosha picha, kukadiria jua la saa sita bila kipimo. Nikawa naingia kwa wanawake, napiga, naosha mwenyewe, na mkanda wa filamu namkabidhi mama wa bi harusi mkononi. Wanawake walinijua. Nikiingia tu, mitandio inavuliwa na kelele zinaanza.

Kamera nzuri tulikuwa nayo moja, na lenzi zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa ya milimita hamsini, ya kawaida, inayoona kama mtu anavyoona. Ya pili ilikuwa ishirini na nane, ambayo tuliiita mpana, ya vyumba vidogo vyenye watu wengi. Hizo zilikuwa za abti. Ya tatu, ile ndefu ya kuvuta vilivyo mbali, ilikuwa yangu mimi. Niliipata Hagadera, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa mzee mmoja aliyekuwa mpiga picha ng'ambo ya mpaka na akakimbia vita akiwa na hiyo lenzi mfukoni mwa koti, kamera hana. Nilimpigia picha familia yake yote, watu kumi na wanne, mmoja mmoja na kwa pamoja, naye akaniwekea lenzi mkononi. "Bila kamera hii ni chupa tu," akasema. "Chukua wewe, uione dunia."

Nikaiona kweli. Watu wetu wakiona kamera husimama kama wameitwa na mkuu wa wilaya: mikono mapajani, macho mbele, cheko hakuna, kwa sababu picha maisha yao yote ilikuwa jambo la serikali. Kwa lenzi ndefu niliwapata kabla hawajajiandaa. Niliwapiga wanawake wa Hagadera kwenye foleni ya maji, mmoja anamkemea punda wa mkokoteni, mwingine anacheka mpaka ameshika ubavu, na hakuna aliyejua kwamba niko. Picha hizo nilizibandika ukutani pale studio, juu ya kioo cha wateja.

Siku moja akaingia mwandishi wa kike kutoka Nairobi, amekuja kununua filamu. Akaziona. Akauliza nani kazipiga. Abti, ambaye Kiswahili chake kilikuwa na b mahali pa p na f mahali pa v, na hakuona haya, akanisukuma mbele. "Huyu msichana yetu. Bicha yake ni fizuri, hata mimi naogoba." Akasema hivyo kwa fahari, wallahi, uso umemng'aa. Nakumbuka hilo hasa, kwa sababu linanichanganya hadi leo.

Yule mwandishi aliondoka na picha zangu sita. Baada ya miezi miwili akaleta habari kwa mkono wa dereva: jarida lao linatafuta mpiga picha wa kuajiri, mtu wa kutumwa kaskazini na popote, na mhariri amezipenda zile picha za mbali. Niende Nairobi nijaribiwe siku moja. Nikifaulu, nimepata kazi, mshahara na chumba cha giza chenye maji ya bomba. Siku na masharti nitatangaziwa kwa taar.

Taar ilikuwa redio ya upepo. Chumba kidogo, betri ya gari, waya juu ya mti mrefu, na mzee mmoja mwenye sauti ya kukwaruza anayeita Elwak, Banissa, Eastleigh, kambini. Simu zilikuwa chache na mbovu, lakini taar ilimfikia kila mtu. Unakaa kwenye benchi, unangoja mtu wako aitwe, na wote mlioko mnasikia yote: nani kazaa, nani kaachwa, ngamia wa nani wamepotea. Siri haikuwepo na hakuna aliyeitafuta. Na kama mwenyewe hupo, ndugu yako anapokea ujumbe na kukuletea. Hapo hakuna wasiwasi. Watu wetu wanaishi kwa habari, kwa sababu ukidanganywa mvua imenyesha wapi mifugo yako inakufa. Mtu anaweza kukunyima maziwa na akawa bado mtu, lakini akikupotoshea habari, huyo hana jina. Anayebeba ujumbe haongezi, hapunguzi. Tulilelewa hivyo, na aliyenilea hivyo kwa fimbo na kwa maneno ni abti mwenyewe, tangu baba alipoondoka.

Ujumbe ulikuja siku ambayo nilikuwa harusini. Nikarudi jioni nanuka udi na jasho, nikamkuta abti mlangoni pa studio anafunga.

"Wameita," akasema kwa lugha yetu. "Ijumaa usafiri, Jumamosi asubuhi ofisini, Jumapili unarudi."

"Wamesema nini kingine?"

"Wamesema uje mwepesi."

"Mwepesi vipi?"

"Lenzi ya kawaida, na mpana ukitaka. Wanataka kukuona ukisimama karibu na watu. Za mbali wameshaziona."

Nikashangaa. "Lakini picha walizozipenda zote ni za ile ndefu!"

"Ndiyo maana, abti. Wanataka kujua kama unaweza bila hiyo."

Sikilizeni uongo ulioshonwa na fundi. Kama angesema tu usiibebe, ningebisha mpaka asubuhi. Lakini alijua mimi ni mtu wa kuchokozwa. Ukiniambia siwezi, nimekwisha kuanza.

Kesho yake alasiri nikatandika mkeka nyumbani, nikazipanga lenzi zote tatu, nikakaa mbele yake kama muuza dawa. Mfuko wangu ulikuwa mdogo: kamera, nguo moja ya kubadilisha, filamu, na soksi mbili za kufungia lenzi zisipate vumbi. Nikaweka hamsini. Nikaweka mpana. Nikaitazama ile ndefu, nikaitia, nikaitoa, nikaitia tena na kuondoa nguo ya kubadilisha. Mama alikuwa anapita na sufuria, akasema, "Utakwenda na nguo moja kwa watu, kwa ajili ya bomba hilo?" Nikacheka, nikairudisha nguo.

Abti akaja na hoja nyingine. Njiani kuna vizuizi, akasema, na askari wakiona mtu wetu ana kitu kirefu cheusi kwenye mfuko watakushusha, watakuita jasusi, na basi halingoji. Tena Nairobi ni mji wa kubanana, huwezi kurudi nyuma hata hatua tatu bila kumkanyaga mtu, sasa utavuta nini? Yote yalikuwa na akili. Mimi mwenyewe ningemwambia mtu hivyohivyo.

Bado moyo haukutulia. Nikamwuliza, "Abti, wallahi walisema niiache?"

Akanitazama. "Mimi nimewahi kukudanganya?"

Hajawahi. Nikaifunga ile ndefu kwenye kitambaa, nikampa yeye anitunzie, nikafunga mfuko.

Siku hizo tukivuka daraja la Tana tulisema tunakwenda Kenya, kana kwamba kwetu ni nchi nyingine. Ijumaa alfajiri nikaenda Kenya. Hapohapo darajani tukashushwa, tukapanga mstari, tukatoa vitambulisho na ile kadi nyingine ya kuthibitisha uraia, tuliyopewa sisi peke yetu. Askari mmoja akafungua mfuko wangu. Nikajikaza. Akaitoa kamera, akaigeuzageuza, akatabasamu. "Wewe mama wa picha, lenzi yako ndiyo hii kijinga? Ile kubwa ya kuvuta huna?" Akavuta kofia yake vizuri, akasimama wima, akadai nimpige. Nikampiga. Mstari mzima ukacheka, hata mimi. Nikasema moyoni, abti naye kwa woga! Sikufikiria zaidi ya hapo.

Jumamosi asubuhi nikapanda ngazi za ofisi yao nikiwa nimekunywa chai tupu. Mhariri alikuwa mtu mfupi mwenye miwani na meza safi mno. Yule mwandishi wa kike alikuwa amekaa pembeni, ananichekea kama anayemleta dada yake. Mhariri akanipa mikanda miwili ya filamu.

"Leo uwanjani kuna mashindano ya riadha ya shule za sekondari," akasema. "Nataka nyuso za wakimbiaji. Miguu kila mtu anapiga. Wapiga picha wote watakaa nyuma ya kamba, mbali kidogo, lakini kwa ile lenzi yako haina shida."

Nikasema, "Lenzi gani?"

"Ile ndefu."

"Niliambiwa nisije nayo."

Mwandishi akaacha kucheka. "Niliita mimi mwenyewe," akasema polepole. "Nilisema usije bila hiyo. Nilirudia mara tatu."

Nikasema labda upepo uliharibu sauti. Niliamini hivyo. Mhariri akavua miwani, akaifuta, akasema basi nenda, tuone utakavyofanya.

Jamani, mtu asijaribu kupiga uso wa mkimbiaji kwa milimita hamsini kutoka nyuma ya kamba. Nilipoweka jicho, wale wasichana walikuwa siafu wanaopita kwenye nyasi. Mpana ndio usiseme, ulikuwa unanionyesha mbingu. Mpiga picha mmoja mnene mwenye fulana ya mifuko mingi akanihurumia, akanipa lenzi yake moja nijaribu. Mdomo wa lenzi hiyo ulikuwa wa kamera ya aina nyingine. Tukaizungusha kushoto, tukaizungusha kulia, ikakataa kama ufunguo wa nyumba ya jirani. Nikamrudishia, nikamshukuru, nikaruka kamba.

Nilifika kama hatua ishirini. Mzee wa filimbi akanikamata mkono mbele ya shule zote, akanirudisha, watoto wakanizomea. Mara ya pili wakasema nitatolewa nje. Nikakaa chini. Machozi yalikuja na nikayameza, kwa sababu mtu wa kwetu halii mbele ya watu asiowajua. Kisha nikageuka, nikaanza kupiga waliokuwa karibu: mwalimu anauma kofia yake, mama anakimbia palepale aliposimama wakati binti yake anakimbia uwanjani, msichana aliyeshika mkia anatapika kwenye ndoo na rafiki yake amemshikilia nywele. Nilimaliza mikanda yote miwili. Nilijua baadhi ni nzuri.

Picha zikaoshwa mchana huohuo. Mhariri akazipitia kwa kioo cha kukuzia, mstari kwa mstari, hana haraka. Akarudi kwa yule mama anayekimbia palepale, akakaa naye kitambo.

"Hii ni nzuri," akasema. "Lakini sikukutuma hii."

"Bwana, nikirudi na ile ndefu wiki ijayo..."

"Sikiliza, binti. Mtu aliyeambiwa mara tatu alete kifaa, akaja bila, nikimtuma Turkana nitategemea nini?"

"Sikuambiwa! Naapa kwa Mungu sikuambiwa."

"Ujumbe ulipokewa. Mtu alijibu kwamba amesikia." Akatazama upande wa mwandishi. Yule dada alikuwa anaangalia dirishani. Alikuwa ameweka jina lake kwa ajili yangu, na sasa hakutaka hata macho yetu yakutane. Nimeitwa mengi maishani, mkaidi, mdomo, jikedume, na mengine nimeyastahili. Mwongo sikuwa nimewahi kuitwa, na siku hiyo niliitwa bila neno lenyewe kutamkwa. Nikashuka zile ngazi bila kusindikizwa na mtu.

Jumapili nikarudi. Nyumbani mama alinipokea mfuko, akanipa chai ya maziwa ya ngamia na mkate wa moto, akanitandikia nilale. Hakuniuliza habari za Nairobi. Nikadhani ameziona usoni pangu na kunionea huruma, nikambusu mkono.

Asubuhi nikaenda moja kwa moja kwenye taar, nimepandisha hasira, nataka kujua ni nani huko hewani aliyenila. Yule mzee wa redio akakasirika kuliko mimi. "Mashine yangu siku ile ilikuwa safi kama maji!" akapaza sauti. "Unataka kuniharibia jina?" Kwenye benchi alikuwepo muuza maziwa mmoja, mama mtu mzima ambaye mwanawe alikuwa Elwak, kwa hiyo alishinda pale karibu kila siku. Akaniita nikae.

"Nilikuwepo, hooyo," akasema, yaani mama, maana kwetu mama naye humwita mtoto hivyohivyo, akaanza kunipa habari kama habari zinavyotolewa kwetu, tangu mwanzo. Jua lilikuwa wapi, nani alikuwa ameitwa kutoka wapi. "Mwanamke akaita kutoka Nairobi kwa Kiswahili. Akasema, mwambie aje na lenzi ndefu, asije bila lenzi ndefu, ova. Akarudia. Mzee wa redio akamwambia abti yako, jibu. Abti yako akasema, nimesikia, lenzi ndefu, ova. Yule akarudia mara ya tatu. Mimi lenzi siijui ni nini, lakini neno nililishika, kwa sababu lilisemwa sana."

Nikamwuliza kama ana hakika. Swali la kijinga. Yule mama angeweza kukutajia mvua za miaka ishirini.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu shule ya msingi na kuliandikia insha, nikapewa alama nzuri. Siku hiyo nilitembea kutoka kwenye taar mpaka studio bila kuona njia, na nilipofika nilikuwa nimeng'oa kucha ya kidole gumba kwa meno.

Abti alikuwa anampanga mzee mmoja kwenye kiti cha kuzunguka, anamnyoosha kola. Akaniona. "Alhamdulillahi, umerudi salama," akasema.

"Walisema mara tatu," nikamwambia.

Akamwambia yule mzee asitikisike. Akapiga. Akamwandikia karatasi ya kuja kuchukua picha, akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudi, akakaa yeye kwenye kiti cha mteja. Hakukana, nampa hilo.

"Nilikuuliza wallahi," nikasema, "hukuapa."

"Ndiyo sababu sikuapa. Sikutaka kula kiapo cha uongo."

"Na uongo wenyewe ulikuwa mtamu?"

"Abti, punguza sauti."

"Sipunguzi! Wewe ndiye uliyenichapa kwa habari ya mbuzi tu! Nilikuwa na miaka minane, nikasema mbuzi wamefika mtoni na hawajafika, ukanichapa mpaka mama akalia. Leo unanipeleka kwa watu nikaonekane mwongo?"

Akatazama mikono yake. Akasema mwezi huo tu kuna harusi nne, na wanawake hawatamkubali mtu mwingine. Akasema studio bila mimi itarudi kuwa picha za vitambulisho na kichana. Akasema alifikiri watanikataa kwa upole, nitarudi, nitasahau. Alikuwa anaongea kama mtu anayesoma maneno ya mwingine, na nilipomwambia hivyo akainua macho.

"Si mimi niliyeanza," akasema. "Mama yako alikuwa amekaa pembeni yangu siku ile, anangoja dada yake wa Banissa aitwe. Tulipotoka nje ndiye aliyeniambia. Akasema, ile ndefu usimtajie. Mimi nikatafuta tu maneno ya kuzunguka."

Nilitaka kumrukia. Nilitaka aseme kwamba anatania. Lenzi yangu ilikuwa juu ya rafu, kwenye kitambaa chake nilivyoifunga, nikaichukua nikatoka nayo.

Mama alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka, sinia la mchele mapajani, anachambua mawe. Nikasimama mbele yake mpaka kivuli changu kikaingia kwenye sinia.

"Hooyo, ulikuwepo kwenye taar?"

"Nilikuwepo." Hakuacha kuchambua.

"Na ukamwambia abti anifiche ujumbe?"

"Nilimwambia."

Mwenzenu nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, kwa viapo, kwa mtu anayekana. Nikakaa chini palepale kwenye mchanga.

"Baba yako alivuka daraja na lori la ng'ombe," akasema. "Alisema wiki mbili. Ameoa huko, ana watoto wakubwa. Kaka yako alisema anakwenda kutafuta shule, mwezi mmoja tu. Sasa yuko nchi ambayo jina lake siwezi kulitamka, na sauti yake naisikia Idi hadi Idi. Wewe ulisema siku tatu."

"Ningekuja! Ningekuja kila mwezi. Ningekuchukua tuishi wote."

"Kaka yako naye alisema hivyo."

"Basi si ungeniambia nisiende, hooyo! Ungenikataza!"

"Ungenisikia?"

Nisingemsikia, na wote wawili tulijua.

"Kwa hiyo ukaniacha nikaaibike mbele ya watu," nikasema. "Nimezomewa na watoto wa shule. Nimeonekana mwongo. Yule dada aliyeniombea kazi hakunitazama hata usoni. Ulijua yote haya yatanipata, ukanipikia chakula cha njiani."

Akaokota jiwe moja, akalitupa.

"Sikulala kwa ajili yako," akasema. "Siku zote tatu, kila swala, nilikuombea dua."

"Uliomba nifaulu?"

Hapo ndipo alipoacha mchele. Akanitazama, macho makavu, macho ya mtu asiyedanganya anapoulizwa.

"Niliomba urudi," akasema.

"Basi, hooyo, dua yako imepokelewa."

"Amin," akajibu mama, akalivuta sinia karibu, akaendelea kuchambua mchele.